Jezi haifii porini, inafia kwenye beseni

(Haya niliyaongea kwa wapanda baiskeli wapya wa mlimani hapa Arusha, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kelele na vicheko nimepunguza.)

Shikamooni wakubwa, vijana mambo zenu. Wa nyuma mnanisikia? Haya. Nimeambiwa niongelee jezi, na kuna mtu nimemsikia hapo anauliza jezi ina nini cha kuongelewa mpaka watu wakae chini, ndugu yangu we uliyevaa fulana ya kampeni subiri kwanza, we ndo mgeni rasmi wangu leo.

Tena naanza na hiyo hiyo fulana. Pamba kwa kukaa nyumbani hamna tatizo, ni nguo nzuri. Shida yake inapenda maji. Hata ikiwa imekauka kabatini inakuwa imeshabeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, imeuvuta hewani tu, wakati poliesta haifikishi hata nusu asilimia. Sasa we panda kutoka mjini kwenda juu Ilboru mpaka uusogelee msitu wa Meru, jasho linatoka, pamba inalinywa lote na inalikalia, ukifika juu fulana inakamulika. Alafu unageuza kushuka. Kule juu tayari kuna ubaridi wake, maana kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, ongeza upepo wa kushuka kwa spidi, ongeza nguo mbichi mwilini, na kama ni mwezi wa saba hapa Arusha mnajua wenyewe. Vidole vinaingia ganzi, na vidole ndo vinavyoshika breki. Hapo ndo kazi ya jezi inapoanzia: ichukue jasho ilitandaze juu ya kitambaa likauke haraka kabla hujaanza kutetemeka. Mambo ya rangi na majina ya kampuni yanafuata baadae.

Na msidhani huu mchezo ulianza na jezi. Wale jamaa wa Marin County kule California, kina Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze, walipoanza mashindano yao ya kushuka mlima ya Repack mwaka 1976 walikuwa wanavaa jinzi, mashati ya kazi na mabuti. Baiskeli zenyewe mikweche yenye breki ya kurudisha pedeli nyuma, ikipata moto grisi inaungua, ukifika chini unafungua unapaka nyingine. Jezi zilikuja kutoka kwa wenzetu wa lami. Mpaka UCI, yani chama cha baiskeli cha dunia, kinaandaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa baiskeli za mlimani pale Durango mwaka 1990, na mchezo unaingia Olimpiki ya Atlanta 1996, watu wa krosikantri, yani mbio za masafa za kupanda na kushuka, walishavaa kama watu wa lami, nguo ya kubana na mifuko mitatu mgongoni. Wa daunhili, wale wa kushuka mlima tu, wakachukua njia yao, nguo pana za kufanana na za motokrosi, zile mbio za pikipiki za porini, na kuna kipindi baadhi yao walijaribu za kubana ili wakate upepo, UCI ikapiga marufuku. Ndo maana ukiingia dukani unakuta jezi mbili zote zimeandikwa za mlimani na hazifanani kabisa, mtu anachanganyikiwa.

We usichanganyikiwe, jiulize tu unapita wapi. Kama kazi yako ni masafa, unatoka Arusha unazunguka Monduli unarudi jioni, au unajiandaa na mashindano ya krosikantri, chukua ya kubana kidogo yenye zipu ndefu mbele na mifuko nyuma. Zipu ndefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwenye mpando unaishusha hadi kifuani unapata hewa, kwenye mshuko unaipandisha. Mifuko unaweka ndizi, tyubu ya akiba, simu kwenye kimfuko cha nailoni. Ila kama unapenda vijia vya miguu, mizizi, mawe, kuruka ruka, na unavaa padi za viwiko na kinga ya kifua, chukua pana, mikono mirefu au ya robo tatu, nyuma iwe ndefu kuliko mbele maana ukiinama mgongo unabaki wazi na tope la tairi la nyuma linajua njia. Hizi pana nyingi hazina mifuko, kwa sababu mtu anategemewa abebe begi la maji. Sasa begi la maji na mifuko mitatu mgongoni havipatani, begi linakaa juu ya mifuko unabebana na ndizi iliyopondeka. Chagua kimoja.

Mikono mirefu naipigia debe hata kama kuna joto. Tunakaa karibu na ikweta, tena juu, na mionzi inayochoma ngozi inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Jezi iliyoandikwa UPF 50, kipimo cha nguo kuzuia jua, inapitisha asilimia 2 tu ya hiyo mionzi, kijifulana cheupe chepesi kinapitisha nyingi zaidi ya hapo. Na kuna vichaka. Huku kwetu kuna upupu, kuna miiba ya migunga, kuna vishonanguo vinavyokusubiri pembeni ya njia wakati wa kiangazi, mkono mtupu ukipita kwenye upupu kwa spidi utasimama katikati ya safari ujikune mpaka watu wakuache. Dada mmoja aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu ushungi, ntalijibu hapa kwa faida ya wote: kitambaa chepesi cha kuvutika, kisiwe na mafundo kisogoni maana helmeti itakaa upande, ncha zake zote ziingie ndani ya kola, na jezi uchukue saizi moja juu urefu wake ufike nyongani. Isizidi hapo, ikizidi inanasa kwenye siti ukitaka kurudisha mwili nyuma.

Kuhusu kujaribu saizi, msijaribu mmesimama wima kwenye kioo kama mnaenda harusini. Inama. Nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani, zungusha mabega, angalia mgongo umebaki wazi au la, kwapa linabana au la. Jezi ya krosikantri ukisimama wima inakuwa inavuta tumbo na mbele inaonekana fupi, imeshonwa hivyo makusudi, ukiinama inakaa. Na saizi za kutoka Asia mara nyingi ni ndogo kuliko za Ulaya, L ya Asia inaweza kuwa M ya Ulaya, kwa hiyo ukiagiza mtandaoni pima kifua chako kwa futi ya fundi ulinganishe na sentimita walizoandika, herufi usiziamini.

Rangi sasa. Nyeupe isahau. Vumbi letu ni udongo wa volkano na ule mwekundu, ukiingia kwenye uzi mweupe hautoki wote, jezi inakuwa na rangi ya chai mpaka mwisho wa maisha yake. Ila pia msikimbilie nyeusi. Wenye mpango wa kwenda upande wa Tarangire na Babati nisikilizeni vizuri, mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, ndo maana mle hifadhini mnaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti, ile ni mitego. Mtu anavaa jezi ya bluu nzuri ya kung'aa anaingia kule anashangaa mbona wanamng'ata yeye tu. Nyuki nao nguo nyeusi na jasho vinawachokoza. Mi napenda rangi ya udongo mwilini na mikono iwe rangi kali, njano au chungwa, kwa sababu kabla hujafika kwenye kijia lazima upite barabara kuu na malori na bodaboda, na dereva anatakiwa akuone mapema.

Sasa pesa. Sitamwambia mtu anayeanza leo akanunue jezi ya bei ya mbuzi. Una jezi ya mpira nyumbani? Vaa hiyo. Simba, Yanga, Arsenal, yoyote, nyingi ni poliesta na zinakausha jasho vizuri tu. Zitakupungukia urefu wa mgongo, mifuko na zipu, basi. Anza nayo, ukishajua unapenda safari za aina gani ndo ununue. (Hapo kuna mtu kauliza ya Yanga na ya Simba ipi inakausha haraka. Hilo nililiacha.)

Baada ya hapo nenda mitumba. Kilombero hapa, au Memorial pale Moshi, jezi za baiskeli zinakuja kwenye mabelo ya nguo za michezo na wauzaji wengi hawazijui, wanaziita za mazoezi. Ukiikuta, kwanza soma lebo ya ndani kama bado ipo. Ukiona poliesta na asilimia chache za elasteni, ile nyuzi ya kuvutika, iko sawa, ukiona pamba nusu rudisha. Alafu inyanyue kwenye mwanga uangalie mabegani, kwa sababu mabega ndo yanasuguliwa na kamba za begi, kama mwanga unapita wazi wazi mwenzako wa Ulaya ameshaimaliza. Vuta lastiki ya chini uiachie, irudi yenyewe, ikibaki imelegea hamna dawa. Peleka zipu juu chini mara kadhaa. Kagua mshono wa kwapa kwa ndani uwe umelala bapa, ule wa ovaloki uliosimama utakukwangua ngozi kwenye safari ndefu. Na kwapa lenyewe, samahanini, lilowanishe kidogo na maji unuse. Poliesta inashikilia mafuta ya jasho, ikiwa kavu inanuka vizuri tu, ikipata unyevu siri inatoka.

Kuna swali la jezi ya kikundi, najua mnataka, na ni kitu kizuri, ila muulizeni fundi anachapishaje. Kuna ile ya kubandika plastiki kwa pasi ya mashine, rahisi na inang'aa, ila pale palipobandikwa jasho halipiti, na ikikaa chini ya begi inaanza kupasuka pasuka. Na kuna sablimesheni, wino unapashwa joto la karibu nyuzi 200 unageuka mvuke unaingia ndani ya uzi wenyewe wa poliesta, ukipitisha kidole husikii kitu, na haubanduki kwa sababu hamna kilichobandikwa. Hii ya pili inataka kitambaa cheupe cha poliesta tangu mwanzo. Ukimpelekea fundi jezi nyeusi akakwambia ataifanyia sablimesheni, muage kwa heshima uondoke. Na logo za wadhamini wakubwa wanaotaka mgongo mzima, waambieni mgongo mzima sawa ila sio plastiki.

Haya, sasa ndo nafika nilipotaka kufika toka mwanzo. Mnaogopa miiba, mnaogopa kuanguka, lakini jezi nyingi nilizoona zimekufa zimefia nyumbani kwenye beseni. Mtu anarudi jumamosi amechoka, anavua jezi imelowa anaisokomeza kwenye begi pamoja na soksi na glavu, jumatatu ndo anakumbuka. Anampa dada wa kazi bila maelekezo yoyote, na dada anafanya anavyofanya kwa nguo zote: sabuni ya unga ya kutosha, maji ya moto, analoweka usiku kucha, asubuhi anafikicha kwa nguvu, tope haliishi anaweka Jik, mwisho anaweka ile ya kulainisha inayonukia maua, anakamua kwa kusokota, anaanika juani saa sita. Dada kajitahidi sana na kila alichofanya kimeiua jezi. Tatizo ni aliyemkabidhi na kunyamaza.

Nieleze kwa nini, maana nikisema tu usifanye mtasahau. Jik ina klorini, na klorini inakula elasteni, ile nyuzi inayofanya jezi ivutike na kurudi, ndo maana jezi inakuja kulegea kama gunia. Maji ya moto na jua kali yanafanya kazi hiyo hiyo polepole, na jua linapausha rangi juu yake. Ile ya kulainisha inaacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, na kitambaa cha jasho kinafanya kazi kwa sababu nyuzi ziko wazi maji yatambae, ukishapaka utando jasho linabaki kwenye ngozi na harufu inapata pa kujishikiza. Watu wanalalamika jezi imechakaa haikaushi jasho kama zamani, kumbe imejaa manukato. Kama imeshafika huko, loweka nusu saa kwenye maji baridi yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa beseni, alafu fua kawaida, mara nyingi inarudi. Ila siki isije ikakutana na Jik hata kwa bahati mbaya, inatoka hewa ya sumu.

Ufuaji wenyewe ni rahisi kuliko huo wa dada. Jioni ile ile ukirudi, funga zipu, geuza ndani nje, kwa sababu jasho liko ndani na vilevile unailinda picha ya nje. Maji ya kawaida ya bomba, sabuni ya maji kidogo, loweka robo saa, bonyeza bonyeza kwa viganja bila kufikicha kama unafua jinzi. Suuza mpaka maji yatoke meupe, hapa msiwe na haraka, sabuni iliyobaki ndo inafanya kitambaa kikakamae na mgongo uwashe safari inayofuata. Wenzetu wa Dar wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanalijua hili, sabuni haitoi povu wanaongeza sabuni, alafu haisuuziki, ni heri suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya dumu. Usiikamue kwa kusokota, iviringishe kwenye taulo kavu uikandamize. Anika kivulini penye upepo, ining'inie kutokea chini, ukiibana mabegani na vibanio inatoka masikio. Pasi haihitaji, poliesta haikunjamani kiasi hicho na pasi ya moto inaiyeyusha.

Kama ni kipindi cha masika umerudi na tope, kishawishi ni kuitumbukiza kwenye maji palepale. Usilisugue likiwa bichi, unalizamisha kwenye uzi. Liache likauke, lipigepige, brashi laini, vumbi litoke kavu, ndo uende kwenye maji. Vishonanguo navyo vitoe kwa mkono kabla ya kufua, kimoja kimoja, keti na redio yako utoe. Oili ya cheni: paka sabuni ya vyombo kwenye doa likiwa kavu, acha dakika kumi, maji baadae. Damu, maji ya baridi tu, moto unaigandisha. Na glavu zenye velkro zifungwe kabisa au zifuliwe peke yake, ile velkro ikilala na jezi kwenye beseni moja inavuta nyuzi unakuta vinyweleo mgongo mzima, watu wanasingizia miiba.

Mwenye mashine afue ndani ya kimfuko cha wavu, mzunguko wa taratibu, nyuzi 30, na dryer asiiguse.

Ikichanika usitupe. Tundu dogo la mwiba ukiliwahi ni kazi ya dakika chache, ukiliacha linakimbia kama soksi ya kina mama. Fundi cherehani yeyote anaweza ila mwambie mambo mawili, atumie sindano ya ncha butu ile ya vitambaa vya kuvutika, na mshono wa zigizaga kwa uzi wa poliesta. Mshono wa moja kwa moja wa uzi wa pamba utakatika siku ya kwanza ukiinama. Zipu ikigoma, sugua mshumaa au sabuni ya kipande kwenye meno yake, kabla ya hapo ioshe kwa mswaki mzee maana tisa kwa kumi ni vumbi tu.

Mtu wa mwisho aliuliza kuhusu sufu ya merino, yani ya kondoo, kasikia haitoi harufu. Ni kweli inachelewa sana kunuka na ikiwa imelowa bado inatunza joto, mtu anayepanda baiskeli kule juu kwenye baridi ya Kilimanjaro siku kadhaa bila kufua ntamshauri aitafute. Kwa sisi wa jumamosi asubuhi siioni. Ni ghali, mwiba wa mgunga unaichana bila huruma, inachukua muda kukauka, nondo wanaila kabatini, na sabuni za unga nyingi zina vimeng'enya vya kula protini na sufu ni protini. Poliesta mbili, moja mwilini moja kwenye kamba, zinatosha msimu mzima.

Nimemaliza, chai iko pale nyuma. Wenye jezi zenye zipu iliyogoma leteni hapa mezani, mshumaa ninao. Na we wa fulana ya kampeni usiondoke, kuna jezi mbili saizi yako kwenye begi langu, zijaribu umeinama.